Kazi za Lee Young-ae ndani ya flashi moja: tathmini ya maktaba ya muvi Kirumba

Kwa miaka mingi nimenunua tamthilia za Kikorea kwa kubahatisha, leo hii, kesho ile, bila kujua mwigizaji ninayempenda alianzia wapi. Mwezi uliopita nilipeleka flashi ya GB 64 katika maktaba moja ya muvi hapa Kirumba, Mwanza, si mbali na soko la Mwaloni, nikaomba kuwekewa kazi za mtu mmoja tu, Lee Young-ae, mwigizaji wa kike wa Korea Kusini, kwa kufuata miaka. Maduka mawili niliyoyapitia kabla ya hapo yalikuwa yamenijibu kwamba hawapangi muvi kwa waigizaji.

Kijana wa hapa alinipokea kwa shikamoo, akaniuliza kama nataka zilizotafsiriwa au zenye maandishi, kisha akanitahadharisha: “Mama, ukianza na Dae Jang Geum utamwona mtoto kwanza, mwenyewe anakuja baadaye. Usije ukadhani nimekosea.” Ni kweli, kwa sababu sehemu za mwanzo Jang Geum anaigizwa na mtoto, na Lee Young-ae huingia baada ya msichana huyo kukua. Anayejua hilo ameitazama tamthilia yenyewe, haiuzi tu.

Mpangilio aliouweka ulinisaidia kuona jambo ambalo nisingeliona kwa kununua kipande kimoja kimoja. Katika Joint Security Area ya mwaka 2000, iliyoongozwa na Park Chan-wook, Lee Young-ae ni ofisa wa jeshi la Uswisi mwenye asili ya Korea, anayechunguza mauaji ya mpakani kati ya Korea mbili. Muda mwingi kazi yake ni kusikiliza wanaume wakidanganya, naye anaifanya bila kupandisha sauti. Mwaka uliofuata, katika One Fine Spring Day, ni mtayarishaji wa vipindi vya redio anayempenda kijana mrekodi sauti, kisha akachoka naye. Wengi watamchukia mwanamke yule, mimi nilimwelewa.

Ndipo inakuja Dae Jang Geum, iliyorushwa na MBC, kituo cha televisheni cha Korea Kusini, kuanzia Septemba 2003 hadi Machi 2004, sehemu 54, kazi iliyompeleka katika sebule za nchi nyingi nje ya Korea. Kuna mahali Jang Geum, mpishi wa jikoni la mfalme, anapoteza uwezo wa kuhisi ladha, na mlezi wake, Bibi Han, anamlazimisha apike vivyo hivyo, akiamini kwamba ladha anayo kichwani hata kama ulimi umekufa. Tazama uso wake anapoonja na kukosa kitu: halii, anatafuna tu polepole kama anayesubiri jibu. Mama yangu, ambaye hupima chumvi ya sato kwa kiganja na hajawahi kutumia kijiko, aliacha kuchambua mchele akasogeza kigoda mbele ya televisheni.

Hapo hapo ndipo kasoro ya kwanza ilipojitokeza. Katikati ya tamthilia, Jang Geum anapopelekwa uhamishoni katika kisiwa cha Jeju na kuanza kujifunza uganga, sehemu mbili zilikuwa ni sehemu moja iliyonakiliwa mara mbili kwa majina tofauti. Hilo ndilo daraja la kutoka jikoni kwenda kwenye tiba, na ukilikosa hutaelewa nusu ya pili. Niliporudi, kijana aliomba radhi, akaweka sehemu sahihi bila kunitoza hata shilingi.

Kasoro ya pili ni kubwa zaidi. Lady Vengeance ya mwaka 2005, iliyompa tuzo ya mwigizaji bora wa kike katika tuzo za filamu za Korea Kusini ziitwazo Blue Dragon, niliwekewa iliyotafsiriwa ingawa nilikuwa nimeomba ya maandishi. Mwanzoni, Geum-ja, mwanamke anayeigizwa na Lee Young-ae, anatoka gerezani baada ya miaka 13, na mhubiri anamkabidhi sahani yenye tofu nyeupe, ishara ya kuishi maisha safi. Anaitazama, anaigeuza sahani, tofu inaanguka chini. Nguvu ya tukio lile ni ukimya wake na sauti kavu inayofuata, lakini mtafsiri alizungumza tangu mlango wa gereza ulipofunguka hadi mwisho, akieleza kila tunachokiona. Sikumsikia Lee Young-ae hata neno moja. Nilibadilishiwa siku ya pili, nikaitazama upya, na ilikuwa muvi nyingine kabisa.

Tamthilia ya Saimdang ya mwaka 2017 naiona ndefu kuliko kisa chake. Lakini Bring Me Home ya mwaka 2019, iliyomrudisha kwenye filamu baada ya miaka 14, msiikose: ni mama anayemtafuta mwanawe aliyepotea hadi kwa watu wa pwani wanaoishi kwa uvuvi, ambao wanajua zaidi ya wanavyosema. Sisi tuliozaliwa pembeni mwa ziwa tunazijua nyuso za watu wakikubaliana kunyamaza.

Nitarudi kwa kijana huyu. Atakayekwenda atamke mapema kwamba anataka ya maandishi, na akague faili kwenye kompyuta ya dukani kabla ya kulipa. Mimi nimeshamwachia flashi ya pili, aniwekee Maestra ya mwaka 2023, ambamo Lee Young-ae anaongoza okestra.