Uzoefu wangu na Upstairs Downstairs ya BBC: sehemu tatu zilinitosha

Niliponunua Upstairs Downstairs, ile iliyotengenezwa upya na BBC, muuzaji alinihakikishia kwamba ndani ya kasha mna tamthilia nzima. Kumbe alinipa msimu wa kwanza tu, wenye sehemu tatu zilizorushwa usiku mfululizo tarehe 26, 27 na 28 Desemba 2010. Nilizitazama kwa siku mbili, nikaridhika, nikaamini kisa kimekwisha. Ulipita karibu mwaka mzima kabla sijajua kwamba zipo nyingine sita za mwaka 2012, na nilipozimaliza nilitamani muuzaji yule angeendelea kunificha.

Kisa kinaanza mwaka 1936 katika nyumba nambari 165, Eaton Place, London, iliyokaa miaka bila mtu hadi mwanadiplomasia Sir Hallam Holland na mkewe, Lady Agnes, wanapohamia. Anayewatafutia watumishi ni Rose Buck, ambaye ujana wake wote aliutumia kufagia na kutandika vitanda katika nyumba hiyohiyo, enzi za tamthilia ya awali iliyorushwa kuanzia 1971 hadi 1975. Jean Marsh, aliyemwigiza Rose wakati ule, ndiye anayemwigiza tena. Yeye na Eileen Atkins, ambaye hapa ni Maud, mama mkwe mwenye ulimi mkali anayerejea kutoka India akiwa na kima wake Solomon, ndio waliobuni wazo la tamthilia ile ya kwanza, na mtazamaji anahisi kwamba wanawake hawa wawili wanaijua nyumba hii kuliko yeyote anayepita mbele ya kamera.

Niliitazama pamoja na shangazi yangu, aliyepika katika nyumba ya watu Upanga kwa zaidi ya miaka ishirini. Kiingereza chake ni cha kuokoteza, lakini jikoni mle hakuhitaji mkalimani. Kila hatua ziliposikika ngazini na watumishi wakakatiza mazungumzo, alicheka peke yake. Mara moja alinigusa bega akasema, "Mwanangu, mtazame yule mpishi. Mkono uko kwenye sufuria, sikio liko ngazini." Mpishi huyo ni Bi Thackeray, aliyeigizwa na Anne Reid, na majivuno yake ya kazi, pamoja na unadhifu wenye wasiwasi wa Bwana Pritchard, mkuu wa watumishi, ndivyo vilivyonifanya nisiondoke kwenye kiti.

Sehemu ya pili ndiyo bora kuliko zote. Rachel, Myahudi aliyekimbia Ujerumani ya Hitler, anafanya kazi ya utumishi ilhali binti yake mdogo, Lotte, amefichwa mahali pengine, huku dereva wa nyumba hiyohiyo akivutwa na wafuasi wenye mashati meusi wa Oswald Mosley, kiongozi wa mafashisti wa Uingereza. Siasa kubwa ya Ulaya inakaa meza moja ya jikoni na watu wanaokula pamoja kila siku, wala hakuna anayesimama kutuhutubia. Rachel anapofariki kwa pumu, shangazi alizima feni ili asikie vizuri.

Msimu wa pili unaipoteza nidhamu hiyo. Eileen Atkins alikuwa ameondoka na Jean Marsh aliugua, hivyo Rose anaonekana kidogo mno, na ingawa Alex Kingston anaigiza vizuri kama Blanche, mhusika mpya, hawezi kuziba mapengo mawili kwa pamoja. Badala yake tunarundikiwa mabalozi, usaliti wa ndoa na maandalizi ya vita, kiasi kwamba watumishi wanageuka wabeba trei. Wengi husema tamthilia hii iliuawa na Downton Abbey, tamthilia nyingine ya mabwana na watumishi wao, iliyoanza kwenye kituo cha ITV Septemba 2010, miezi mitatu tu kabla yake. Ushindani huo uliiumiza kweli, lakini naona BBC ilipoisitisha mwaka 2012, nyumba yenyewe ilikuwa imekwisha kupoteza wenyewe.

Msimu wa kwanza naupa nyota nne na nusu, wa pili mbili. Anayenunua na akague kasha kwanza, ingawa akipata sehemu tatu pekee asigombane sana na muuzaji. Shangazi alivumilia sehemu mbili za msimu wa pili, akauliza Rose yuko wapi, kisha akachukua ungo wake akaenda barazani kuchagua mchele.