Uzoefu wangu: wamemwita papa (mzee) wetu mulevi juu ya munkoyo

Jamani bado niko na hasira, hata kama imepita sijui miezi miwili ao mitatu. Mi nasimamia kamyo chache hapa Lubumbashi, tunabeba mizigo ya mgodi njia ya Likasi na Kolwezi, na wenye mgodi walitaka mashofere wapimwe pombe na bangi kila asubuhi mbele ya kutoka. Basi nikachukua sosiyete moja ya kupima, wanakuja na mashine ya kupuliza, vikopo vya mkojo na kijana mmoja wa jile (kizibao) ya njano. Niliwachagua juu bei yao ilikuwa chini. Ndiyo, najua, msinicheke.

Asubuhi ile kulikuwa baridi na vumbi, na papa mmoja wa kwetu, alijifunza kamyo Gécamines, ile sosiyete ya migodi ya serikali, mutu wa kanisa, hakupata kula nyumbani, akanunua munkoyo, kile kinywaji chetu cha mahindi na mizizi, kwa mama anayeuzaga pale karibu na baraji (kizuizi). Munkoyo ya juzi ile, imelala kwenye bido (dumu), inakamata kidogo ulimi. Akameza ya mwisho, akajipangusa mdomo na mgongo wa mkono, palepale akapuliza. Mashine ikalia. 0,14.

Kijana hata hakuuliza kitu. Akapaza sauti parkingi yote isikie: "We mulevi, toka hapa, upishe bengine!"

Mutu angekuwa babu yake! Papa akamwambia pole pole, "Mwana yangu, sikunywa pombe, ni munkoyo tu, angalia chupa." Eti kunywa ni kunywa. Nikakuja mimi, nikamwambia ngoja kidogo apulize tena, akasema karatasi imeshatoka kwa mashine, na karatasi haibishiwi. Nikamuuliza hiyo mashine ilirekebishwa lini mara ya mwisho, akaniangalia kama nimemuuliza umri wa mama yake.

Sasa hapa ndipo damu ilinichemka, juu hii kazi mutu anatakiwa aijue mbele ya kuvaa jile. Mashine haioni damu, inanusa pumzi tu, halafu inapiga hesabu kutoka pumzi ya mapafu. Kama kinywa kimelowana sasa hivi, na munkoyo, na dawa ya kusukutua, na sirop ya kikohozi yenye pombe ndani, basi inasoma kinywa na siyo mutu. Dawa yake haina hata bei: dakika 15 bila kula, bila kunywa, bila sigara, halafu unapuliza upya. Hata Marekani sheria yao ya mashofere wa kamyo inasema kipimo cha kuhakikisha kingoje angalau hizo dakika 15. Nikamchukua papa mpaka parkingi ya jirani, wao wako na mashine nzuri ya elektroshimiki (inapima pombe kwa kemia na umeme), siyo hizi za bei chini ambazo hata moshi wa sigara unaweza kuzichanganya, na tulipofika ilishapita karibu nusu saa. Akapuliza: sufuri. Lakini karatasi ilishatumwa mgodini, beji ya papa ikafungwa, na kamyo ikalala pale na mzigo wake siku sijui ngapi.

Mambo ya mkojo hata sitaki kuyaandika sana. Karani wangu alipoona mistari miwili akashika kichwa, akafikiri ni kama kile kipimo cha mimba, kumbe hapa mistari miwili ni salama, mstari ukikosa ndio mashaka. Na hakuna aliyemfundisha. Halafu bangi inakaaga kwenye mkojo siku nyingi, kwa anayevuta kila siku hata majuma, kwa hiyo haikwambii kama shofere amelewa leo asubuhi, kwa hilo mate ni karibu zaidi na ukweli. Nilijua hayo baada ya kulipa.

Basi nikanunua kiti cha plastiki, nikakiweka karibu na baraji: anayelia mashine anakaa hapo dakika 15, mi mwenyewe naangalia saa. Kijana akanuna, akanuna, akazoea.

Halafu, na hapa ndipo najipinga mwenyewe, juma lililofuata ao la pili yake mashine ikalia kwa shofere mwingine, kijana wangu niliyemwamini kabisa, kamyo yake imejaa asidi. 0,31. Nikasema ile mashine yao tena! Nikamkalisha kwenye kiti, nilishaandaa na maneno ya kuwatukana. Dakika 15, akapuliza: 0,38. Imepanda! Yaani lutuku, ile pombe kali ya kienyeji, ilikuwa bado inaingia kwenye damu, alikunywa hapohapo njiani akija kazini. Sikuweza kusema kitu. Kijana wa jile naye hakusema kitu, akaandika tu, na hiyo ikaniuma zaidi kuliko angenicheka.

Kwa hiyo sijui niwaambie muwachukue ao muwakimbie. Nilisema sitawarudia, nikawasainia miezi mingine mitatu, lakini kiti nimekiandikisha kwenye mkataba. Papa alirudishiwa beji, anamsalimia yule kijana kila asubuhi kama hakuna kitu, na msamaha hajaombwa mpaka leo. Nyota mbili. Mashine peke yake ningeipa tatu.