Farmer in the Sky: kulima kwenye mwezi wa Mshtarii

Kama una kijana anayependa mambo ya anga na Kiingereza chake kiko poa, mtafutie hiki kitabu. Ni cha Robert Heinlein, 1950, kimeandikwa kwa vijana ila mimi mtu mzima kimenikesha.

Stori iko hivi, duniani watu wamejaa na chakula ni cha mgao, basi Bill na baba yake George, pamoja na mama wa kambo Molly na binti yake Peggy, wanapanda meli ya anga kwenda Ganimedi, mwezi mmojawapo wa sayari ya Mshtarii (Jupiter), kuanza ukulima. Wameahidiwa mashamba, wanafika wanakuta mwamba mtupu na walowezi waliotangulia hawajajiandaa kuwapokea.

Kilichonikamata ni udongo. Yaani wengine wanaandika vita na viumbe vya ajabu, huyu anakuonesha kijana anavyotengeneza udongo kwa jasho. Mwamba unasagwa na mashine ambayo kila familia inasubiri zamu yake, unakuwa unga, lakini unga wenyewe umekufa, hauoteshi kitu mpaka uuchanganye na udongo hai wenye bakteria, kama vile unavyomuomba jirani mtindi kidogo wa kugandishia maziwa yako. Na majirani kweli wapo, akina Schultz, bila hao Bill angeshindwa mapema sana. Kurasa hizo nimezisoma polepole makusudi.

Halafu Peggy. Mapafu yake hayaiwezi hewa nyepesi ya kule, ikabidi aishi kwenye chumba kilichozibwa na kujazwa presha wakati wenzake wako nje. Yatakayompata sisemi, ila jiandae, huyu mwandishi hawadanganyi watoto kwamba safari kama hiyo ni rahisi.

Sayansi kuna alipopatia, mchana wa siku tatu na nusu halafu usiku vilevile, kwa sababu Ganimedi inaizunguka Mshtarii kwa siku saba hivi. Ila uvutano halisi wa kule ni mdogo mno, mtu wa kilo 70 angejisikia kama ana kilo 10 tu. Kijana akikimaliza mwambie afuatilie Juice, chombo cha Ulaya kilichorushwa 2023 ambacho kinaelekea hukohuko.

Nyota nne. Ya tano nimeikata kwa sababu mambo ya uskauti yamezidi (kilianza kuchapishwa kwa vipande kwenye jarida la maskauti wa Marekani), Molly hajapewa nafasi ya kuongea, na ule ugunduzi mkubwa wa mwishoni umebanwa kwenye kurasa chache wakati ungetosha kitabu kizima.