TAHADHARI: Kozi ya Kiingereza inayouzwa pamoja na "nafasi ya uhakika" chuo kikuu

Ndugu zangu mnaotafuta vyuo vya nje, na wazazi mnaolipa: kuna wauzaji wa kozi za Kiingereza cha kitaaluma (Kiingereza cha kusomea chuo kikuu) mtandaoni wanaoahidi kwamba ukisoma wiki chache utapewa cheti "kinachokubalika na vyuo vyote" vya Uingereza, Kanada na Australia, pamoja na barua ya udahili. Msilipe. Cheti cha namna hiyo hakipo. Kila chuo kikuu kinaamua chenyewe kitapokea ushahidi gani wa Kiingereza, iwe mitihani ya Kiingereza kama IELTS, TOEFL na PTE, au matokeo ya shule, na kinaandika hivyo kwenye tovuti yake. Hakuna shule ya lugha yenye mamlaka ya kuviamulia vyuo vyote.

Nafundisha Kiingereza cha kitaaluma. Binti mmoja niliyewahi kumfundisha aliniletea makaratasi yake baada ya kulipa, nikayasoma yote. Nayaeleza kwa kirefu kwa sababu hawa watu wamejipanga, na hata mtu makini kabisa anaweza kuingizwa mjini.

Wanaanza na jaribio la kupima kiwango: maswali ya sarufi ya kuchagua, unajibu kwenye simu, na matokeo yanakuja papo hapo kwamba umebakiza kidogo tu. Hakuna kuandika wala kuzungumza na mwalimu. Wenzake binti huyo wote kwenye kundi la WhatsApp walipata kiwango kilekile. Kisha anatokea "dada wa udahili", mpole, anatuma ujumbe wa sauti, anaulizia mpaka hali ya mama yako. Anakwambia nafasi zinakaribia kwisha na punguzo mwisho wake leo usiku. Ukishalipa kianzio, zinafuata ada ya kusajili cheti, ada ya kufungua faili, ada ya kuhakiki nyaraka. Kila moja ni ndogo kiasi kwamba ukiacha unaona unapoteza zile ulizokwisha kutoa.

Pesa inauma, lakini kilichoniuma zaidi ni masomo yenyewe. Walimpa insha iliyoachwa mapengo: hapa jaza mada, hapa faida mbili, hapa hasara mbili, hitimisho limeshaandikwa. Akaambiwa aikariri kwa ajili ya mtihani. Watahini wa IELTS wanafundishwa kutambua maandishi ya kukariri, na insha ikithibitika imekaririwa yote hupewa sifuri. Kisha nikaona kazi zake zilizorudishwa. Zote zina neno moja la pongezi juu na alama za juu, bila hata mstari mmoja wa kalamu ndani. Katika mojawapo alikuwa amenakili sentensi mbili nzima kutoka makala ya mtandaoni bila kutaja chanzo. Hakuna aliyemwambia. Kosa hilohilo chuoni linaweza kumfikisha mwanafunzi mbele ya kamati ya nidhamu, na wapo wanaofutiwa somo zima kwa ajili yake.

Kozi ya kweli haifanani na hiyo. Mwalimu anairudisha aya yako imejaa maswali pembeni: hili umelitoa wapi? Huyu mwandishi anapingana na yule, mbona umewaweka upande mmoja? Hoja yako wewe ni ipi? Unaiandika tena, inarudi tena. Unasikiliza mhadhara na kuandika muhtasari wakati mhadhiri anaendelea kuzungumza. Unakaa kwenye majadiliano na kulazimika kukubali au kukataa wazo la mwenzako kwa adabu na kwa ushahidi. Ni kazi ngumu, na mwanafunzi aliyeipitia anaanza muhula wa kwanza akijua anachotakiwa kufanya. Anayemuuzia kijana makaratasi badala ya mafunzo haya anamwacha akaaibike mbele ya darasa, mbali na kwao, ada ya mwaka ikiwa imeshalipwa.

Jambo la kuangalia kuliko yote ni mpangilio wa hatua. Kwa kawaida, kwenye kozi za maandalizi za Uingereza, udahili ndio unaotangulia. Unaomba chuo, kinakupa udahili wenye masharti, na barua inataja wazi kiwango cha Kiingereza unachotakiwa kufikia, mara nyingi kwa jumla na kwa kila stadi: kusikiliza, kusoma, kuandika na kuzungumza. Ukiwa umepungukiwa, chuo kinakuelekeza kwenye kozi yake ya maandalizi au ya mshirika wake kinayemtaja kwa jina. Wiki zinategemea pengo lako: aliyekosa nusu alama anaweza kupangiwa wiki 6, mwingine 10 au hata 20. Mwisho kuna tathmini, na unaweza kushindwa. Tapeli anageuza mambo: anakuuzia kozi kwanza, chuo kitajulikana baadaye. Barua aliyopewa huyu binti haikutaja alama yoyote wala tarehe ya mwisho ya kutimiza masharti. Ilichokuwa nacho ni nembo ya chuo, hongera nyingi, na akaunti ya benki yenye jina la mtu binafsi.

Sisemi kila wakala ni mwizi. Wapo mawakala waaminifu, na wengi wao hulipwa kamisheni na vyuo. Zipo pia shule binafsi za lugha zinazofundisha vizuri kabisa. Hizo hukwambia kwamba zinakuandaa tu, na uamuzi unabaki kwa chuo.

Nembo za ithibati zisikutishe, maana kunakili picha ni kazi ya sekunde. British Council ina orodha ya shule za Kiingereza ilizozithibitisha nchini Uingereza, na BALEAP inathibitisha kozi za Kiingereza cha kitaaluma. Usibofye nembo kwenye tangazo. Fungua tovuti ya taasisi hiyo mwenyewe na utafute jina la shule. Kwa viza ya mwanafunzi ya Uingereza, serikali inaweka wazi orodha ya taasisi zenye leseni ya kudhamini wanafunzi, na ni hizo pekee zinazoweza kutoa CAS, yaani uthibitisho wa kukubaliwa kusoma unaotumika kuombea viza hiyo. Marekani wanafunzi hupewa fomu ya I-20, ya kuombea viza, na shule zilizoidhinishwa na SEVP, mpango wa serikali wa wanafunzi wa kigeni; Australia kozi huwa na namba ya CRICOS, rejista ya serikali ya kozi za wanafunzi wa kigeni; Kanada taasisi iliyoruhusiwa kupokea wanafunzi wa kigeni huwa na namba ya DLI. Kuangalia orodha hizi ni bure.

Kuna uongo mwingine ambao nauona hatari zaidi: "Nenda kwanza kwa viza ya kozi ya Kiingereza, ukifika utaibadilisha." Viza ya Uingereza ya masomo ya muda mfupi, ile ya kusoma Kiingereza kwa miezi 6 hadi 11, hairuhusu kufanya kazi, haiongezwi muda, na huwezi kuibadilisha kuwa viza ya mwanafunzi ukiwa ndani ya nchi. Utarudi nyumbani kuomba upya.

Na muuzaji akikwambia atakupatia matokeo ya IELTS bila wewe kukaa kwenye mtihani, kimbia. Chuo hakiangalii karatasi peke yake. Kinahakiki matokeo kwenye mfumo wa mtihani wenyewe. Uingereza, kutumia udanganyifu kwenye maombi ya viza kunaweza kukufungia mlango kwa miaka 10. Mwaka 2014 kipindi cha Panorama cha BBC kilifichua wizi wa mtihani wa Kiingereza wa TOEIC kwenye vituo vya huko, na maelfu ya wanafunzi wakapoteza haki ya kubaki. Miongoni mwao wapo waliosisitiza kuwa hawakufanya kosa, wakahangaika mahakamani kwa miaka. Kanada, mwaka 2023, wanafunzi wengi kutoka India walijikuta hatarini kurudishwa kwao kwa sababu barua za udahili walizotumia kuingia nchini zilikuwa za kughushi, na baadhi yao walikuwa wameshamaliza masomo. Tangu Desemba 2023 idara ya uhamiaji ya huko inahakiki barua moja kwa moja na chuo.

Kama umeshalipa, simamisha malipo mengine yote hata kama wanatishia kufuta faili lako. Piga benki au kampuni ya simu uliyotumia kutuma pesa siku hiyohiyo, kwa sababu muamala ukichelewa kuripotiwa ni vigumu kuurudisha. Hifadhi risiti, ujumbe wa sauti na namba zao kabla hawajafuta kundi, kisha peleka polisi. Iandikie ofisi ya udahili ya chuo kilichotajwa, kwa anwani uliyoitoa kwenye tovuti ya chuo chenyewe, si ile iliyo kwenye barua, uwaulize kama wanaitambua. Barua hiyo usiitumie popote kuombea viza. Kama imeshatumwa, mtafute mwanasheria wa uhamiaji aliyesajiliwa kabla hujajibu swali lolote la ubalozi.

Baada ya muda anaweza kukupigia mtu mwingine akisema anasaidia waliotapeliwa kurudishiwa pesa, kwa ada kidogo. Wakati mwingine ni walewale. Majina na namba za waliolipa wanazo, na wanauziana.

Mwenye barua mkononi na hana uhakika anaweza kunitumia nimwangalizie, silipishi. Funika kwanza namba ya pasipoti na tarehe ya kuzaliwa, hata unapoituma kwangu.