Gesi ya AC kwa gari la zamani: kabla hujalipa, uliza pampu ya vakyumu iko wapi

Februari, tukiwa kwenye foleni ya feri upande wa Likoni, AC ya Toyota 110 yangu ilianza kutoa hewa ya joto. Zilikuwa zimepita wiki tatu tangu nilipe shilingi 3,500 kujaza gesi. Mamangu alikuwa kiti cha mbele, naye ana presha. Tulifungua vioo vyote, fukuto likabaki vilevile. Kesho yake nikarudi kwa fundi. "Dada, gesi huisha," akaniambia, "kama petroli tu."

Haiishi. Gesi ya AC haichomwi popote. Huzunguka mle mle ndani ya mabomba mwaka baada ya mwaka, na ikipungua basi kuna mahali inavuja. Hilo wengi washalijua. Kilichoniuma ni nilichoonyeshwa na fundi wa pili, kule Changamwe, alipofungua mfumo: mafuta ya kompresa meusi tititi, na draya, kile kichujio kinachonyonya unyevu, imekwisha kazi. Akaniuliza swali moja: "Alivuta vakyumu?" Yaani, alinyonya hewa yote kwa pampu kabla ya kutia gesi? Nikakumbuka. Yule wa kwanza alifunga mpira, akafungua chupa, akajaza gesi juu ya hewa iliyokuwamo. Dakika kumi, nikalipa, nikaondoka.

Hewa ya Mombasa mnaijua. Chumvi ukiiacha wazi jikoni, baada ya siku mbili imeshikana. Hewa hiyo hiyo ikifungiwa ndani ya AC, unyevu wake hunywewa na mafuta ya kompresa, kisha ukichanganyika na gesi na joto hugeuka asidi inayokula chuma kutoka ndani. Maji mengine huganda kwenye valvu ndogo ya kupitishia gesi. Ndiyo maana gari lako hupoa vizuri hadi ukifika Makupa, halafu hewa inakuwa ya joto, na ukilizima kidogo linapoa tena. Gari la zamani haliwezi kustahimili hayo, draya yake tayari imechoka.

Pampu ya vakyumu hushusha presha hadi maji yachemke bila moto na kutoka kama mvuke. Hapa tazama geji, yaani kipimo cha presha, mwenyewe. Sisi tuko usawa wa bahari, kwa hiyo mshale unatakiwa ukaribie inchi 29 za zebaki. Hapo maji huchemka kwenye digrii 25 hivi. Nairobi haiwezi kufika inchi 25 kwa sababu ya mwinuko, na pale inchi 24 ni kazi nzuri. Fundi akikwambia hapa pwani kwamba 24 yatosha, mkatalie: kwa kipimo hicho maji hayachemki mpaka joto lifike kama digrii 60. Iachwe ivute nusu saa au zaidi, ifungwe, kisha mngoje dakika kumi. Mshale ukirudi, bomba linavuja au maji bado yamo, na gesi isiingie.

Kwa kipimo hicho, njia za kujaza gesi nimezipanga hivi, kuanzia bora hadi mbaya.

Ya kwanza kwangu ni fundi mwenye pampu yake, geji na mizani, huku gesi ukimletea wewe. Gesi ninayoipenda ni Freon 134a ya Chemours, na sifichi. Tangu niitie, kompresa yangu imetulia. Nilinunua mtungi, nikatazama lakiri kabla ya kutoa pesa, na fundi akaupima kabla na baada. Kiasi kimeandikwa kwenye kibandiko chini ya boneti. Kwa magari mengi madogo ni kati ya gramu 400 na 700. Asiyekitafuta kibandiko hicho anakisia.

Msinione nasumbua kuhusu lakiri. Mwaka 2011 makontena ya friji yalilipuka katika bandari za Vietnam na Brazil, wafanyakazi watatu wakafa. Yalikuwa yametiwa gesi ya bandia yenye R-40, ambayo ikikutana na alumini huzaa kitu kinachowaka kikigusa hewa. Kondensa ya gari lako, ile kama redieta inayopoza gesi ya AC, ni alumini. Sisi watu wa mji wa bandari tungekuwa wa kwanza kulijua hilo.

Ya pili ni gereji yenye mashine inayotoa gesi iliyobaki, kuvuta vakyumu na kujaza kwa gramu. Kazi safi. Nimeiweka nyuma kwa sababu huioni gesi iliyo ndani ya mashine, na dada yangu alitozwa shilingi 6,500 bila kuonyeshwa chochote.

Ya tatu ni kopo la gramu 340 na mpira wake kutoka duka la spea. Halina pampu. Basi.

Ya mwisho ni kopo lenye dawa ya kuziba matundu. Nyingi ya dawa hizo hukauka zikikutana na unyevu, kwa hiyo ndani ya mfumo ambao haukuvutwa vakyumu hugandia mle mle ulimohitaji njia wazi.

Kama gari ni la kabla ya katikati ya miaka ya 1990, huenda lilizaliwa na R-12, gesi iliyoondolewa chini ya Mkataba wa Montreal wa 1987. Kugeuza kwenda 134a kunataka mafuta mapya ya esta na draya mpya. Anayesema "ni kuongeza tu" mwache.

Na wauzaji, jamani. Kaskazi ikianza, bei inapanda wiki hiyo hiyo, kwa mitungi ile ile iliyokaa rafuni tangu kusi. Wanauza kwa "chupa", hawataji gramu. Nilipoomba kusoma lebo, muuzaji mmoja aliuficha mtungi nyuma ya kaunta akaniambia nimlete mume wangu wazungumze. Mtungi haukuwa na lebo. Nilikuwa nimeshauona.