Kibanda cha Changanyikeni kinachompimia mwanafunzi nusu sahani

Kwa mwaka mmoja na miezi minne sasa ninakula mchana, na mara nyingi jioni pia, katika kibanda cha mama lishe kilichopo Changanyikeni, nyuma ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Ninaandika tathmini hii kwa ajili ya wanafunzi wanaohamia mitaa hii wakiwa na wasiwasi niliokuwa nao mimi, yaani kuongezeka uzito tangu walipoanza kujitegemea kwa chakula. Kibanda hakina bango. Kina paa la bati, mabenchi manne na meza mbili zilizotandikwa plastiki ya maua, na utakitambua kwa sufuria tano zinazopangwa mbele kila siku kwa mpangilio uleule.

Niliingia chuo nikiwa na kilo 61 na nikamaliza mwaka wa kwanza nikiwa na kilo 68. Kwa urefu wangu wa sentimita 162, uwiano wa uzito na urefu ulipanda kutoka 23 hadi karibu 26, na Shirika la Afya Duniani huhesabu kuanzia 25 kuwa uzito uliozidi. Wamarekani wana msemo wa miaka mingi kwamba mwanafunzi wa mwaka wa kwanza huongeza paundi 15, karibu kilo 7, ingawa uchambuzi uliochapishwa mwaka 2015 kwa kujumlisha tafiti nyingi ulionyesha kwamba wastani haufiki hata kilo moja na nusu. Mimi basi nilikuwa miongoni mwa waliozidi wastani huo kwa mbali, na sikuhitaji kutafuta sana sababu. Nilikuwa nikila katika mgahawa mmoja karibu na hosteli ambako wali hujazwa sahani nzima kabla hujasema neno, mchicha huwekwa pembeni kiasi cha vijiko viwili, na maharage huelea katika mafuta. Usiku, hasa wiki za mitihani, tulikuwa tukishuka watatu au wanne kununua zege, yaani chipsi mayai, na soda. Gramu moja ya mafuta ina kalori 9 wakati ya wanga ina 4, na chupa ya soda ya mililita 350 hubeba zaidi ya gramu 35 za sukari, ilhali shirika hilohilo linashauri kwamba ni bora zaidi mtu mzima asivuke takribani gramu 25 za sukari ya kuongezwa kwa siku. Nilikuwa nikivuka kiasi hicho kwa chupa moja, kabla ya kuhesabu chai.

Kilichonivutia hapa Changanyikeni ni namna chakula kinavyopakuliwa. Sufuria ya kwanza ni ya mboga za majani, ya pili ni maharage au choroko, ya tatu ni dagaa au samaki wa mchuzi, na wali na ugali viko mwisho kabisa. Ukishamwamkia, Mama anaanza kwa kukujazia mboga nusu ya sahani, kisha anakuuliza, "Nzima au nusu, mwanangu?" Swali hilo linahusu wali peke yake. Nusu ni upawa mmoja uliosawazishwa kwa mgongo wa kijiko, nzima ni miwili, na anayetaka wa tatu anauongezea shilingi 500. Wali nzima na maharage ni shilingi 2,000, nusu ni 1,500, na mboga haipungui kwa yeyote. Punguzo hilo lina maana kubwa kwetu, kwa sababu mwanafunzi anayesubiri boom, yaani fedha za kujikimu za mkopo, hawezi kulipa bei ya sahani iliyojaa halafu aache nusu yake. Atakula yote, hata kama alishiba njiani.

Mboga zenyewe zinaliwa kwa hamu, na hapo ndipo vibanda vingi vinaposhindwa. Nimesimama mara kadhaa pembeni ya jiko nikimtazama akipika matembele. Anakaanga kitunguu kwa vijiko viwili vikubwa vya mafuta ya alizeti kwa sufuria nzima, anatia nyanya nyingi, anafunika mpaka zitoe maji yake, ndipo anapoyamwaga majani na kuyageuza mara mbili tu kabla ya kuipua. Yanabaki na rangi yake ya kijani na hayaachi utando wa mafuta kwenye sahani. Siku za kisamvu anatia karanga, na siku hizo nusu ya wali inanitosha mpaka jioni bila kutafuta andazi la saa kumi.

Sasa nina kilo 64. Sitakipa kibanda sifa yote, kwa kuwa niliacha pia kupanda bajaji kwenda darasani, na kile kilima cha kuingia chuoni, kwenda na kurudi siku tano za wiki, kinanipitisha bila taabu zile dakika 150 za mazoezi zinazopendekezwa kwa wiki. Hata hivyo, nilikuwa nimeshaanza kutembea miezi mitatu kabla ya kuhamia chakula hiki, na mizani ya duka la dawa haikuwa imesogea.

Kasoro zipo na ninazitaja kwa heshima. Foleni ya saa saba mchana inaweza kuchukua nusu saa. Maharage huisha mapema siku za Ijumaa. Kibanda kinafungwa saa mbili usiku, kwa hiyo anayetoka maktaba saa nne anakuta mtaani chipsi peke yake. Mimi hununua parachichi na ndizi mbivu jioni nikaziweka chumbani, na ningefurahi kama makande yangeuzwa kwa kubeba. Kasoro kubwa zaidi ni juisi. Ya ukwaju na ya embe hutiwa sukari ndooni asubuhi, nyingi mno, na asiyetaka sukari hana chaguo isipokuwa maji. Ni kwa sababu hii ninakipa kibanda alama nne kati ya tano.

Wiki iliyopita nilimwomba Mama atenge ndoo moja ndogo isiyotiwa sukari. Aliniambia kwamba juisi ya namna hiyo huchacha upesi na hasara inakuwa yake, lakini nikimletea wenzangu kumi watakaoinunua kila siku, ataitenga tangu kesho yake. Hadi jana jioni tulikuwa saba.