Kimto cha bega cha besi: elfu 85 zangu na maneno niliyoambiwa Kariakoo

Naanza na maneno yenyewe, maana ndiyo yaliyonikalisha chini kuandika haya. "Kaka, tarumbeta ni kazi ya watu wenye mabega. Wewe kama huna, hamia kwenye ngoma." Niliambiwa hivyo katika duka moja la vyombo vya muziki Kariakoo, mbele ya wateja watatu, na mtu niliyekuwa nimemhesabia shilingi 85,000 taslimu wiki chache tu nyuma.

Mimi ni mpiga besi, lile tarumbeta kubwa la sauti nzito. Nilianza nikiwa kijana wa kipaimara kwetu Machame, kwenye bendi ya usharika, na kule besi yetu ilikuwa ile ya kupakata: unakaa kwenye benchi, unaiweka pajani, unapuliza. Sikuwahi kujua kwamba besi inaumiza bega. Nilijua nilipohamia Dar es Salaam na kuingia kwenye matarumbeta ya harusi, ambako besi ni ya kuvaa. Susafoni. Unaipitisha kichwani, inakuzunguka mwili kama chatu, na uzito wote unatua kwenye bomba moja juu ya bega la kushoto. Hiyo ya kwetu ni ya shaba, si ile nyepesi ya faiba, na inafika kilo 15 hivi. Saa moja unaivumilia. Sasa weka Jumamosi nzima: kutoka saluni kumchukua bibi harusi, kanisani, ufukweni kupiga picha, halafu ukumbini, na katikati ya yote hayo mmesimama nyuma ya Kirikuu, kale kagari kadogo ka mizigo, barabara za mashimo. Kila shimo Kirikuu inaruka, na besi inarukia begani kwako.

Mwaka juzi hivi hali ikawa mbaya. Jumapili asubuhi sikuweza kuinua mkono kuvaa shati. Mtulinga ulikuwa na alama nyekundu isiyofutika, na nikipiga zaidi ya nusu saa vidole vya mkono wa kushoto vinakufa ganzi. Wenzangu wakaniambia ni kawaida, kila mpiga besi yuko hivyo, utazoea. Sikuzoea.

Ndipo nikasikia kuna kimto cha kufunga kwenye bomba. Nikaenda. Siku ile ya kununua jamaa alikuwa mtamu kweli. Karibu bosi, kaa hapa bosi, jaribu mwenyewe bosi. Akanifungia kwenye besi ya dukani, nikaivaa, nikahisi kama mtu amenishika bega kwa kiganja. Nikalipa bila kuomba apunguze, na mimi si mtu wa kulipa bila kuomba apunguze.

Kusema kweli, kwa wiki tatu za mwanzo kimto kile kilinifurahisha. Nilipiga harusi mbili mfululizo na kipaimara kimoja, nikarudi nyumbani nikala chakula kwa mikono miwili. Mke wangu ndiye aliyegundua kwanza. Kwa hiyo siwezi kusema hakifai. Nilikuwa nimejiandaa kuwaambia wapiga besi wote wa Dar wakakinunue.

Kisha ikaja Jumamosi ile. Joto la kabla ya masika, lile linalokufanya ulowe jasho hata umekaa. Tumefika ukumbini Sinza, gari la maharusi limesimama mbele yetu, mwalimu wa bendi amenyoosha mkono: tushuke huku tunapiga. Nimeweka mguu wa kwanza chini. Kimto kikaachia. Kiliteleza kwenda mgongoni, bomba tupu likanitua juu ya mtulinga kwa uzito wake wote, besi ikazunguka, na kidomo, kile cha kupulizia, kikanipiga mdomoni. Mdomo wa juu ukapasuka kwa ndani. Damu ikachuruzika kwenye shati jeupe la sare, na bibi harusi wa watu ndiyo anashushwa garini na mama zake wakipiga vigelegele.

Matarumbeta bila besi ni filimbi tu. Kila aliyekuwa pale alisikia muziki umepungua kitu, hata asiyejua ni kitu gani. Mwalimu aligeuka akanitazama. Hakunigombeza, wala posho hakunikata, lakini ile namna alivyonitazama ninayo mpaka leo.

Usiku nilipokikagua nikaona kilichotokea, na hapo ndipo hasira ilipoanza kunipanda. Kitambaa hakikuchanika. Mkanda wa kukifungia, ule wa kubandika na kubandua kama wa viatu vya watoto, ulikuwa mzima kabisa. Ulichofanya ni kubanduka kutoka kwenye kimto chenyewe, kwa sababu haukushonwa. Uligundishwa. Gundi! Kitu cha kushikilia kilo 15 begani mwa mtu anayetoka jasho, juani, Dar es Salaam, mtu anakaa mahali fulani anaamua gundi inatosha. Uzi wa shilingi mia tano ungemaliza kazi.

Nikarudi dukani Jumatatu. Sikwenda kugombana. Nilitaka anibadilishie, au hata amwite fundi anishonee pale pale. Jamaa yule yule wa bosi, bosi, alikipokea kwa ncha za vidole kama nimemletea taka.

"Ulikiweka juani?"

"Nilikivaa begani, kaka. Harusi zetu zinafanyika juani."

"Basi umekiharibu mwenyewe. Na jasho lako hili." Akanyoosha kidole ukutani, penye karatasi: mali ikishauzwa hairudishwi.

Nikamwambia bega linaniuma, na mdomo umepasuka, tazama. Ndipo akaniambia yale ya watu wenye mabega. Mteja mmoja akacheka. Nilitoka na kimto changu mkononi, na sikujibu neno, na kila ninapovaa besi najijibia moyoni kile ambacho ningemwambia.

Ningemwambia kwamba ala hii haikubuniwa kwa kufikiria bega la mtu. John Philip Sousa, kiongozi wa bendi, alipotaka besi ya aina hii kule Marekani, na J. W. Pepper, mtengenezaji wa vyombo wa Philadelphia, akaitengeneza ya kwanza mwaka 1893, shida yake ilikuwa sauti. Alitaka besi itandaze sauti juu ya bendi nzima badala ya kuielekeza mbele moja kwa moja kama ilivyokuwa helikoni, besi ya kuvaa waliyoitumia kabla. Mdomo wake mpana wa kutolea sauti, kwa zile za mwanzo, ulitazama juu kabisa, ungeweza kukinga mvua. Na bendi ya Sousa ilikuwa ya kupiga jukwaani, kutembea ilitembea mara chache sana. Mwaka ule ule ndipo wamisionari wa Kilutheri wa Leipzig, Ujerumani, walipoingia kwetu Machame. Yaani umri wote wa Ulutheri wa nyumbani kwetu, zaidi ya miaka 130, bomba lile lipo tu juu ya bega la kushoto la mtu. Halafu muuza duka anasema tatizo ni bega langu.

Basi. Aliyenisaidia hakuwa na duka. Shangazi yangu alikuwa amekuja kututembelea Kimara, akanikuta nimekaa sebuleni nimejifunga barafu. Akakitaka kile kimto, akakibonyeza kwa dole gumba mpaka dole likagusa upande wa pili.

"Baba, hii ni laini mno," akasema. "Mzigo ukiuweka juu ya kitu laini unazama mpaka kwenye mfupa. Sisi ndoo hatukuzibebea mito."

Akachukua vitenge viwili vya mke wangu, akavisokota, akavizungusha, akanitengenezea ngata. Ngata ile ile aliyobebea maji na ndizi maisha yake yote, ila hii akaipanua ifuate bega na tundu akaliacha juu ya mtulinga. Nikavaa besi. Jamani. Uzito ulikaa pembeni pembeni mwa mfupa, kwenye nyama, na mfupa wenyewe haukuguswa. Kilichoniuma miezi yote ile ni sehemu ndogo kama sarafu, na tundu la ngata lilikaa juu yake sawasawa.

Kesho yake nikampelekea fundi cherehani wa mtaani. Akakata sponji ngumu, ile ya godoro ambalo ukilala halibonyei, akaipa umbo la ngata ya shangazi, akaivisha turubai na kuishona, si kuigundisha. Kufunga kwenye bomba tulitumia mpira wa baiskeli, tunaofungia mizigo yote nchi hii, na haujateleza hata mara moja. Angalizo moja kwa atakayeiga: usiufunge mpira moja kwa moja juu ya shaba. Mimi nilifanya hivyo, baada ya mwezi bomba likawa jeusi pale ulipokaa. Tanguliza kitambaa. Yote kwa yote nilitumia elfu 14.

Sasa hapa ndipo inanibidi nirudi nyuma kidogo, na sipendi. Bega lilitulia, lakini shingo ikabaki inauma upande wa kulia, na ganzi ya vidole ilikuwa inakuja na kuondoka. Nikaenda hospitali, nikakutana na dada mmoja wa fiziotherapia ambaye aliniambia kitu ambacho hakuna mtu alishawahi kunitajia: njoo na besi yako. Nikaja nayo, nikaivaa, akaniambia nipige. Hakutazama bega kabisa. Alitazama shingo.

"Kaka, mbona unakifuata kidomo?" akauliza. "Kilete kwako."

Nikatazama kwenye kioo chake. Kweli, kila nikitaka kupiga nilikuwa nainua bega la kushoto na kupindisha shingo ili midomo ifikie kidomo. Nimekaa hivyo miaka yote. Wanaoijua susafoni wanajua kwamba kati ya bomba la shingo na kidomo kuna vipande viwili vifupi vilivyopinda, unavizungusha mpaka kidomo kije mdomoni ukiwa umesimama wima. Besi yetu ilikuwa na kimoja. Cha pili kilipotea kabla mimi sijajiunga, na kila mpiga besi aliyenitangulia alijipinda akidhani ala ndivyo ilivyo. Fundi mmoja wa vyombo Buguruni akatuchongea cha pili kutoka kwenye tarumbeta bovu, na ndani ya wiki mbili shingo ikanyooka. Ganzi nayo ikaisha.

Dada yule aliniongezea na jambo la foleni. Tukikwama tulikuwa tunasimama na besi mwilini, mteja kalipa, anataka kusikia muziki hata mkiwa mmesimama Ubungo nusu saa. Akasema huo ndio muda unaoniua. Sasa tumeweka tairi la akiba nyuma ya Kirikuu, nakaa ukingoni, duara la chini la besi linakaa juu ya tairi, na napiga bila bega kubeba chochote. Mwalimu alikubali siku ile ile nilipomwomba. Nilikuwa naogopa kumwomba miaka yote hiyo.

Kwa hiyo, je, kimto cha dukani kilikuwa na kosa kiasi hicho? Nimejiuliza mara nyingi. Pengine robo tatu ya maumivu yangu ilikuwa ni kile kipande cha bomba kilichopotea, na hakuna kimto duniani kingetibu hilo. Na nimefanya jaribio: nilikichukua kile cha elfu 85, fundi akashona mkanda wake kwa uzi wa nailoni, nikakivalisha juu ya ngata yangu kwenye harusi moja ndefu ya Bunju. Pamoja ni vizuri kuliko ngata peke yake. Ngata inabeba, kile cha laini kinameza mishtuko ya mashimo. Haki yake nikipe: kikishonwa, na kikiwekewa kitu kigumu chini yake, ni kitu kizuri.

Lakini nikifika hapo nakumbuka ule mkono ulionyooshwa ukutani na hasira inarudi upya. Mtu anauza besi. Anauza vipande vya kidomo, nimeviona kwenye kabati lake la kioo! Mteja anamwambia bega linauma, mdomo una kidonda, na swali moja tu, "unaivaaje?", lingemuuzia kipande cha pili siku ile ile na mimi ningeokoa miezi. Hakuuliza. Alinitafutia ngoma.

Wiki iliyopita tumepata kijana mpya wa besi, ametoka Mbeya, kwenye bendi ya Wamoraviani, anapiga vizuri kuliko mimi nilipokuwa na umri wake. Tuliposhuka kwenye Kirikuu nikamwona anajisugua bega la kushoto akidhani hakuna anayemwona. Nimeshamrekebishia kidomo, na shangazi ameahidi kumsokotea ngata akija Pasaka. Kimebaki kile cha laini cha juu, na katika kutafuta kote sijakiona pengine ila kwenye duka lile lile. Atakipata, nimeshatenga hela na uzi wa nailoni upo. Nitamtuma mtu. Mimi pale siingii tena.